Pima Kwanza, Mwanangu, Boksi Utaagiza Baadaye

Mwanangu, najua una haraka. Mwenye gari amekupigia simu tangu asubuhi. Waipa zake zinajiwasha zenyewe, honi inalia usiku, milango haijifungi, na mashine yako ya kusomea hitilafu imesoma kwamba kontroli boksi ya bodi haijibu. Umeshapata mtu Kampala mwenye boksi la namna hiyo. Unangoja tu pesa itumwe, mzigo upakiwe kwenye basi, uvuke Mutukula, kesho kutwa ufunge. Naomba usiagize bado. Kaa, tuzungumze.

Sisi tulijifunza umeme wa magari kwenye Land Rover na Peugeot 504. Honi ilikuwa na waya wake, rilei yake na fyuzi yake. Ikikataa, unashika testa ya balbu, unaufuata waya mpaka pale unapokatika. Magari mnayoyashika ninyi hayako hivyo. Swichi ya waipa haipeleki umeme kwenye mota. Inapeleka habari kwa boksi, na boksi ndilo linaloamua mota izunguke au isizunguke. Taa za ndani, indiketa, loki za milango, vioo vya umeme, vyote vinapita hapo. Boksi hili ni kama balozi wa nyumba kumi: akikaa kimya, mtaa mzima unadhani amefariki, kumbe hajaletewa taarifa yoyote.

Na maboksi yenyewe yanazungumza. Kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilitangaza njia hiyo ya mazungumzo, iitwayo CAN, mwaka 1986. Ni nyaya mbili zilizosokotwa pamoja, na kila boksi limeunganishwa hapo. Ndiyo maana siku hizi waya mmoja uliochubuka mlangoni unaweza kukuletea ugonjwa kwenye deshibodi.

Dalili nyingi kwa pamoja humfanya kijana alinyooshee boksi kidole. Nami niliwahi kulinyooshea.

Alikuwa mwalimu wa upande wa Kamachumu, na gari lile lilikuwa la kwanza katika ukoo wao. Alikuja na mvua za Novemba, majira ya senene. Taa za ndani hazizimi, vioo vinashuka vyenyewe. Fyuzi nilizitazama kwa macho tu. Nikachomeka mashine, nikamwambia boksi limekufa. Akalipa kwa pesa ya kahawa. Nikafunga boksi la mtumba, kila kitu kikatulia, akaondoka akinishukuru kwa mikono miwili. Mvua kubwa iliyofuata ikamrudisha na ugonjwa uleule.

Hapo ndipo nilipotulia. Niling'oa kava la plastiki lililo chini ya waipa. Majani ya mwembe yalikuwa yameoza mle ndani na kuziba tundu la kutolea maji. Maji yalijaa, yakapenya kwenye raba inapopita nyaya kuingia ndani, yakafuata fungu la nyaya mpaka kwenye soketi ya boksi. Pini zilikuwa zimeota kutu ya kijani. Lile boksi la kwanza nililokuwa nimelitupa pembeni nililifungua, nikalisugua kwa spiriti na brashi laini, nikalikausha, nikalirudisha. Likafanya kazi. Pesa ya mwalimu nilimrejeshea kidogo kidogo. Hakunitolea neno baya hata siku moja, na ukimya wake uliniuma kuliko matusi.

Kwa hiyo hapa kwetu anza na maji. Bukoba hupata mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka, wakati Dodoma haifiki 600. Panda milima ya Muleba, ni mvua tena na ukungu. Na magari yetu yanalala chini ya miti. Kabla hujagusa mashine, inua zulia upande wa dereva na wa abiria, kandamiza kwa kiganja. Nusa. Zulia likiwa bichi, umeshapata nusu ya jibu. Tazama chini ya waipa, tazama raba za milango, tazama kioo cha mbele kama kiliwahi kubadilishwa na gundi haikushika vizuri. Mpira wa kutolea maji ya kiyoyozi nao ukiziba, maji yanamwagika ndani hata wakati wa kiangazi.

Kisha muulize mwenye gari, na umsikilize mpaka mwisho. Ilianza lini? Baada ya kuoshwa? Baada ya kubusti betri kwa gari jingine? Baada ya kufungiwa alamu, au redio kubwa, au taa za ziada? Nimekuta nyaya za alamu zimeungwa kwa kusokotwa kwa mkono na kufungwa nailoni, pale pale kwenye waya wa boksi. Hakuna mashine itakayokuonyesha hilo. Macho na maswali ndiyo yatakayokuonyesha.

Betri usiidharau. Betri nzima iliyopumzika husoma karibu volti 12.6. Ikiwa injini inafanya kazi, utarajie kati ya 13.5 na 14.5. Volti zikianguka wakati wa kupiga stata, maboksi yanachanganyikiwa na kuandika hitilafu ambazo hazipo. Safisha vichwa vya betri, chaji, futa kumbukumbu za hitilafu, endesha, kisha soma upya. Mara nyingi orodha ndefu hubaki mstari mmoja.

Fyuzi usizitazame, zipime. Weka mita pande zote mbili, gari likiwa limewashwa swichi. Boksi la bodi halipati umeme kwa fyuzi moja. Kuna ya loki, kuna ya taa, kuna ya kulifanya liwe macho. Ikikatika moja, boksi linaonekana limepooza nusu, na wewe unasema limeungua.

Halafu njoo kwenye athi, ule waya unaorudi kwenye bodi ya gari. Hapa vijana wengi mnapotea, kwa sababu mnapima gari likiwa limelala. Washa taa, washa feni, fungua vioo, halafu weka ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye pini ya athi ya boksi. Ikisoma zaidi ya volti 0.1 au 0.2, kuna boliti yenye kutu mahali fulani. Ifungue, ikwangue mpaka chuma king'ae, ikaze. Nimeona gari lililokwisha kubadilishwa boksi katika gereji nyingine likipona kwa boliti moja chini ya kava la miguuni. Na ile testa ya balbu tuliyoirithi, mwanangu, iweke mbali na nyaya za boksi. Inavuta umeme mwingi kuliko baadhi ya nyaya hizo zinavyoweza kuvumilia. Tumia mita.

Usisahau pale mlango unapokutana na bodi. Kuna bomba la raba lenye nyaya ndani. Mlango unafunguliwa na kufungwa kwa miaka, nyaya zinakunjwa, shaba inakatika ndani wakati plastiki ya nje ni nzima. Livute bomba lile, zivute nyaya taratibu moja moja. Ile inayorefuka kama mpira ndiyo iliyokatika.

Sasa mashine. Mashine nyingi za bei ndogo zinasoma injini tu, na boksi la bodi hazilifikii kabisa. Usiseme boksi halijibu wakati mashine yako haijui kulisemesha. Namba ya hitilafu inayoanza na U, kama U0140, inakuambia mazungumzo na boksi la bodi yamekatika. Haikuambii nani aliyeyakata. Zima gari, toa kichwa cha hasi cha betri, pima ohm kati ya pini ya 6 na ya 14 kwenye soketi iliyo chini ya usukani. Miisho miwili ya njia ina rezista za ohm 120 kila mmoja, kwa hiyo kwenye magari mengi mita isome karibu 60. Ukiona 120, upande mmoja umekatika. Ukiona karibu na sifuri, nyaya zimegusana. Hapo chomoa maboksi moja moja huku mita ikiwa imeshikizwa, mpaka usomaji ubadilike.

Ukipata mashine inayolifikia boksi, fanya jambo hili ambalo wengi mnaliruka. Fungua ukurasa wa vipimo, bonyeza swichi kwa mkono, utazame kama boksi limeiona. Likiwa limeiona, swichi na waya wake ni vizima. Kisha liamuru boksi kwa mashine liwashe kile kifaa. Kikiwaka, boksi na mota ni vizima. Kisipowaka, pima pini ya boksi inayotoka kwenda kwenye kifaa hicho. Umeme wa kuingia upo, athi ni safi, amri imefika, lakini hakuna kinachotoka: hapo sasa, na si kabla, boksi lina kosa.

Hata hapo, lifungue kwanza. Risasi iliyopasuka kwenye mguu wa rilei inalehemiwa. Ukishindwa, tafuta jingine lenye namba ileile ya lebo, herufi kwa herufi. Kufanana umbo hakutoshi, maana gari lenye funguo ya kawaida na lenye funguo ya kubonyeza hutofautiana humo. Kwenye Toyota nyingi boksi hili limebandikwa nyuma ya boksi la fyuzi, upande wa dereva. Toa hasi ya betri, na subiri sekunde 90 kama vitabu vyao vinavyotaka, kwa sababu ya mifuko ya hewa. Kwenye Nissan nyingi boksi la bodi ndilo linalozitambua funguo, kwa hiyo ukifunga la mtumba gari haliwaki mpaka funguo zisajiliwe upya. Wakati mwingine njia bora ni kuhamisha chipu ndogo ya kumbukumbu, yenye miguu minane, kutoka boksi la zamani. Kama hujawahi kuihamisha, mpe anayejua. Na wakati wa kusajili, betri iwe kwenye chaja au iungwe na nyingine. Volti zikianguka katikati, boksi zima linaweza kufia mikononi mwako.

Kabla ya kusajili funguo ya mtu, omba kadi ya gari. Linganisha jina na namba ya chesisi. Mwenye gari wa kweli hatakasirika.

Ukifunga boksi jipya, mwaga maji kwenye kioo cha mbele kwa ndoo, ndoo baada ya ndoo, kisha inua zulia tena. Boksi la zamani mrudishie mwenyewe, ni mali yake. Andika kwenye daftari ulichopima na ulichosoma. Mkoa wetu una chuo cha VETA kule Burugo, kilichofunguliwa 2022. Kaulize kozi zao, ujifunze kusoma mchoro wa umeme kwa utulivu ambao sisi hatukuupata.

Na yule anayekupigia simu tangu asubuhi, mpigie sasa hivi. Mwambie hujamaliza kupima, na asitume pesa leo.