Mke, Mtumishi na Kitabu: Ngono, Mapenzi na Jinsia katika Fikra za Magharibi

Ni shida kupata kisa kinachodhihirisha mfungamano wa ngono, mapenzi na jinsia katika utamaduni wa kisasa wa Magharibi kuliko kesi iliyosikilizwa katika mahakama ya Old Bailey, London, mwaka wa 1960. Shirika la Penguin lilishtakiwa kwa kuchapisha, bila kupunguza neno, riwaya ya D. H. Lawrence, Lady Chatterley's Lover, ambayo mtunzi alikuwa ameitoa kwa faragha kule Florence mwaka wa 1928. Sheria ya mwaka wa 1959 iliruhusu utetezi wa aina mpya: kwamba kitabu kiachiliwe iwapo kina manufaa kwa umma, kwa mfano kwa ubora wake wa kifasihi. Hivyo basi wahakiki, na hata askofu mmoja wa Kianglikana, waliitwa kutoa ushahidi. Penguin ikashinda.

La kuzingatia ni namna ilivyoshinda. Mashahidi hawakudai kwamba ngono ni jambo la mtu binafsi lisilohitaji kuhojiwa. Walidai kwamba ngono ya riwaya hii ina thamani kwa kuwa imezaliwa na penzi la dhati. Richard Hoggart alifikia hata kuuona mwelekeo wake kuwa wa kipuritani. Yaani, ngono ilipewa uhuru kwa sharti kwamba iendelee kulitumikia penzi. Naye kiongozi wa mashtaka aliwauliza wazee wa baraza iwapo wangependa wake zao au watumishi wao wakisome kitabu hicho. Swali hilo hutajwa kwa kicheko hadi leo. Kwa maoni yetu, lilikuwa swali la kweli kuliko yote yaliyoulizwa humo, kwani liliufichua mgogoro wenyewe: nani ana mamlaka juu ya usomaji wa nani. Isitoshe, riwaya yenyewe inahusu mke na mtumishi.

Je, kuachiliwa kwa kitabu kulikuwa kuachiliwa kwa mwanamke? Kate Millett, katika Sexual Politics (1970), alikana. Alionyesha kwamba lile lililosifiwa mahakamani kuwa penzi ni ibada ya uume: Mellors hunena na kutenda, Connie hupokea na kustaajabu. Norman Mailer alimjibu mwaka wa 1971 kwa kumtetea Lawrence, ingawa hamaki yake yaelekea kuthibitisha hoja aliyotaka kuibomoa. Hata hivyo, Millett husoma kwa haraka mno. Connie ndiye anayekwenda msituni kwa miguu yake, ndiye anayeiacha nyumba ya Clifford, na uamuzi huo una gharama ambayo riwaya haiifichi. Tatizo ni kwamba ridhaa yake haitoshi kuondoa ukosefu wa usawa. Mtu aweza kuridhia kwa moyo wote uhusiano ambao masharti yake yamewekwa na mwingine. Mashahidi wa 1960 hawakuwa na istilahi ya kulieleza jambo hili. (Sisi nasi, ambao twalitwisha neno "jinsia" mizigo ya maumbile na ya mahusiano ya kijamii kwa pamoja, tusiwacheke.)

Michel Foucault, mwaka wa 1976, aliongeza shaka nyingine: kwamba Magharibi haikuinyamazisha ngono kamwe, bali iliilazimisha iseme, kwa padri, kwa daktari, kwa hakimu. Hoja yake yaifaa sana kesi hii, ambamo watu wazima walisimama siku baada ya siku kueleza hadharani maana ya tendo la faragha. Lakini Foucault hakujishughulisha vya kutosha na suala la ni nani asemaye. Riwaya ya Lawrence humalizika kwa barua ndefu ya Mellors. Connie, mwenye mimba na ambaye mumewe amekataa kumpa talaka, hapewi nafasi ya kuijibu.