Siri ya Mgonjwa Kijana

Amri ya nane yakataza kusema uwongo. Je, yaruhusu basi kusema kila lililo kweli mbele ya kila mtu? Hapana. Kuna maneno ya kweli ambayo si mali ya yule ayajuaye. Amewekewa tu, kama vile mtu awekavyo mbegu zake katika ghala ya jirani. Jirani akizitawanya njiani amemdhulumu mwenyewe.

Afikiriwe msichana wa miaka 16 ambaye amekohoa mwezi mzima. Usiku jasho lamtoka, na mwili wakonda. Dispensari iko karibu. Lakini anajua kwamba neno lisemwalo asubuhi mbele ya mwandishi wa majina husikika jioni kisimani. Anaogopa kuchekwa, anaogopa kwamba hakuna atakayemposa. Basi anakaa nyumbani. Kifua kikuu hupona kwa kawaida kwa dawa za miezi 6, zikimezwa bila kukosa. Kisipotibiwa chaweza kuua, na huwaambukiza wadogo zake walalao naye chumba kimoja. Ni nani aliyemfungia mlango wa dispensari? Ni ulimi wa mtu.

Kwa nini siri ya mgonjwa ni wajibu? Kwanza, kwa sababu ya haki: mgonjwa hafunui mwili wake na mashaka yake ila kwa kutafuta uzima. Pili, kwa sababu ya mapendo: sifa njema ya mtu ikivunjwa, ni vigumu kuirudisha. Tatu, kwa faida ya wote: kijana mmoja akiaibishwa, kumi wengine hawatakwenda kutibiwa. Yoshua bin Sira afundisha kwamba afunuaye siri hupoteza uaminifu, wala hapati tena rafiki wa moyo.

Mtu atauliza: «Je, baba na mama hawana haki ya kujua? Amri ya nne yasemaje?» Hakika wanayo haki kubwa, kwa kuwa Mungu aliwakabidhi mtoto huyu. Kwa hiyo mwuguzi mwenye busara hamtengi kijana na wazazi wake. Humshauri kwa upole aseme mwenyewe, na akiogopa, hukubali kusimama karibu naye. Lakini wazazi nao na wajiulize: mtoto akisema kweli, atapokelewa kwa fimbo au kwa masikio? Nyumba isiyojua kusikiliza humfundisha mtoto kuficha.

Je, siri hii haina mpaka? Inao. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka 1992, yafundisha kwamba siri ya kazi, kama ile ya mganga, lazima itunzwe, isipokuwa pale ambapo kuitunza kungeleta madhara makubwa sana yasiyoweza kuepukwa kwa njia nyingine. Ikiwa mtoto anatendewa jeuri na mtu mzima, kunyamaza ni kumsaidia mwovu. Na walalao chumba kimoja na mwenye kifua kikuu hawana budi kupimwa. Lakini hata hapo huambiwa yule anayepaswa kujua, naye huambiwa lile tu linalohitajiwa. Kisima hakihitaji kujua neno lo lote.

Siri ya kitubio ni nyingine: hiyo haina ruhusa hata moja. Mtakatifu Yohane wa Nepomuk, padri, alitoswa katika mto Vltava mjini Praha mwaka 1393 kwa amri ya mfalme. Mapokeo yasema alikataa kufunua maungamo ya malkia. Mwuguzi hakufungwa kwa kifungo hicho cha sakramenti, lakini katika mfano huo aweza kujifunza thamani ya neno alilokabidhiwa.

Tena si mwuguzi peke yake. Yule aliyeketi kwenye benchi la dispensari akaona nani ameingia, naye ameshika siri. Mkatekumeni anayejitayarisha kwa Ubatizo na aulize moyo wake, kabla ya kulala: leo, ni jina la nani nililolibeba kutoka dispensari hadi kisimani? Na kesho kijana akiwa na shida, ataweza kuja kwangu bila hofu?