Picha Ngapi Zatosha?

Kila kitu kipimwacho huzaa ugomvi juu ya kipimo chake. Wachezaji wa michezo ya video wana ugomvi wao: mashine ionyeshe picha ngapi kwa sekunde ndipo mchezo ukubalike? Wako wasemao kuwa 30 zatosha. Wako wasemao kuwa pungufu ya 60 ni aibu. Na wako wasioridhika hata kwa 120. Asiyecheza huweza kulicheka neno hili akaliona dogo. Lakini ndani yake limo swali lisilo dogo: kukubalika ni nini, na nani mwenye haki ya kukubali?

Yafaa kukumbuka kwamba picha hizi hazitembei. Kila moja imesimama kimya. Mwendo hufanywa na jicho na akili, picha zikifuatana upesi. Sinema iliposhika desturi ya picha 24 kwa sekunde, baada ya sauti kuingia katika filamu mwishoni mwa miaka ya 1920, haikuichagua idadi hiyo kwa ukamilifu wake. Ilitosha kubeba sauti, wala haikula ukanda mwingi. Televisheni za zamani nazo zilifuata umeme wa nchi: Uingereza mara 50 kwa sekunde, Marekani mara 60. Basi hesabu zinazotetewa leo kama sheria za maumbile zilizaliwa na gharama na mitambo.

Baadhi ya watengenezaji wameshika mfano wa sinema wakasema kwamba mchezo wa picha 30 una ladha ya filamu, kwa hiyo haustahili lawama. Hoja hii ni tamu, lakini ina kasoro. Mtazamaji wa sinema hupokea tu. Mchezaji huuliza na kujibiwa. Abonyezapo kitufe, picha ifuatayo ni jibu la mkono wake. Kwa kadiri ya 30, kila picha hukaa sehemu ya thelathini ya sekunde; kwa 60, nusu ya muda huo. Ni tofauti ndogo kuliko kupepesa jicho, lakini mkono uliozoea huitambua. Jicho husamehe, mkono hudai.

Hapo ndipo jambo la macho linapogeuka kuwa jambo la haki. Mchezo ni mapatano: ukiruka kwa wakati utavuka, ukichelewa utaanguka. Mashine ikilegea ghafula, ikashuka kutoka 60 hadi 25 pale maadui wanapojaa kiooni, humhukumu mchezaji kwa kosa asilolitenda. Yeye hakuchelewa, jibu ndilo lililochelewa.

Hata hivyo, wanaodai wingi peke yake hawajafika. Katika Space Invaders, mchezo uliobuniwa na Tomohiro Nishikado huko Japani mwaka 1978, mashine ilielemewa na wavamizi wengi hata wakaenda polepole. Kila walipopungua, waliobaki walizidi kukimbia. Udhaifu ule uliachwa ukawa kanuni, na kanuni ilikuwa moja kwa kila mchezaji. The Legend of Zelda: Ocarina of Time, wa mwaka 1998, ulionyesha picha 20 tu kwa sekunde, na wengi wauhesabu miongoni mwa michezo bora. Mapigo yake yalipangwa kwa kadiri hiyo, na ahadi yake haikuizidi.

Tazama sasa upande wa pili. Sonic the Hedgehog, wa mwaka 1991, ulitungwa kwa televisheni za 60. Ulipopelekwa Ulaya kwenye televisheni za 50, ulikwenda polepole kwa kadiri ya sehemu moja katika sita. Mtoto wa huko asiyewahi kuuona ule wa Japani aliucheza kwa furaha. Je, alidhulumiwa? Yuko atakayejibu kwamba asiyeona upungufu hana alichopungukiwa. Sikubaliani naye. Furaha ya mtoto ilikuwa ya kweli, lakini kuridhika kwa asiyejua si kukubali. Akubaliye ni yule aliyeambiwa kipimo, akakipima, akanunua.

Katika mashindano sharti huongezeka. Wawili wakipigana, mmoja kwa mashine ya 120 na mwenziwe kwa mashine ya 30, mwenye mali huona kwanza na kujibiwa kwanza. Ushindi wake una fungu la mfuko wake. Hapo picha 30 kwa wote ni haki kuliko 120 kwa mmoja.

Kwa hiyo, aulizaye picha ngapi zatosha hajauliza swali lote. Kadiri yakubalika ikiwa mtengenezaji ameichagua kwa ajili ya kazi yake, akaitangaza kabla ya kupokea fedha, na mashine ikaishika hata mahali pagumu. Kadiri ndogo iliyotimizwa hudai uvumilivu. Kadiri kubwa iliyovunjwa huondoa imani, na mchezo usioaminika haumfundishi mtu lililo kosa lake na lisilo lake.