Habari Hii ni ya Nani?

Uamuzi wa kumdanganya mjomba wangu ulichukua kama dakika nne, kwenye korido ya hospitali, kando ya tangi la maji ya kunywa. Daktari alikuwa ametuita pembeni: mama yangu, anti (mkewe mjomba) na mimi. Akatuambia saratani ya umio imeshafika kwenye ini, na tusihesabu miaka. Halafu akauliza, "Nimwambie mimi ama mtamwambia nyinyi?" Anti akasema, "Asiambiwe. Akijua atakata tamaa, afe kesho." Daktari alikuwa na foleni ndefu. Akaitikia kwa kichwa, akaenda.

Tukafuta macho, tukaingia wodini na nyuso za sikukuu. "Ni vidonda tu vya koo, Mjomba. Vitapona." Mimi ndiye niliyesema. Mama na anti hawakuweza kufungua mdomo, na katika familia yetu mimi ndiye najulikana kwa maneno.

Nimewauliza marafiki tangu wakati huo, na karibu kila mmoja ana stori kama hii. Nyanya aliyeambiwa ni presha. Baba aliyeambiwa ni vidonda vya tumbo. Kwanza huundwa grupu ya pili ya WhatsApp, ile isiyo na mgonjwa ndani. Yetu iliitwa Maombi ya Mzee. Tulikuwa watu 43 tuliojua kwamba mjomba anakufa, wengine hawajamwona tangu harusi yake, na mmoja ambaye hajui. Huyo mmoja ndiye aliyekuwa akifa.

Najua hoja ya upande wetu, na siichukulii kama upuzi. Kant aliandika mwaka 1797 kwamba hata muuaji akigonga mlango na kukuuliza rafiki yako amejificha wapi, huna haki ya kumwambia uongo. Nilipoisoma chuoni niliona huyu mzee hajawahi kumpelekea mgonjwa kikombe cha uji. Sisi hatuishi hivyo. Kwetu ugonjwa si wa mtu mmoja, ni wa nyumba nzima. Kwa hivyo habari ya ugonjwa pia ni ya nyumba nzima, na nyumba inaweza kuamua nani abebe kipande gani. Mtoto habebeshwi gunia la mtu mzima. Mgonjwa naye, kwa nini abebeshwe?

Hoja hiyo ilinitosha kwa wiki kadhaa. Kisha nikaona shimo lake. Kama sisi ni nyumba moja, na habari ni ya wote, basi mjomba tulimtoa lini kwenye hiyo "wote"? Tulisema umoja, kumbe tulikuwa tumemfungia nje ya mlango, halafu tukamwambia kupitia dirishani kwamba anaendelea vizuri.

Mjomba alikuwa fundi wa nguo huko Kariobangi, suti hasa. Hata alipokuwa amelala nyumbani tepu yake ya kupimia ilining'inia kwenye kitanda. Nilidhani ni mazoea, vile mtu mwingine huweka rozari. Katika wiki ya tatu aliniambia anataka kwenda nyumbani, Mumias, kumwona kaka yake. Kulikuwa na jambo la mpaka wa shamba ambalo hawakuwahi kulimaliza. Nikamjibu, "Ngoja upate nguvu kidogo, Mjomba. Tutaenda Desemba." Ilikuwa Julai. Aliniangalia muda mrefu, kisha akaniuliza kama nimekula.

Muuguzi wa hospisi tulimwita kwa sababu ya maumivu tu. Anti alikataa mwanzoni, akidhani hospisi ni nyumba ya kupeleka watu wakafie. Kumbe huyu sista angekuja kwetu, na mkoba wake, apande ngazi hadi ghorofa ya nne kama mgeni yeyote. Huduma hii haikuanza jana. Cicely Saunders, aliyekuwa muuguzi kabla ya kuwa daktari, alifungua St Christopher's jijini London mwaka 1967, na Nairobi Hospice ipo tangu 1990. Saunders alifundisha kwamba maumivu ya mtu anayekufa hayako mwilini peke yake. Kuna ya moyo, ya roho, ya deni, ya watoto, ya mtu ambaye hamjaongea. Dawa ya mwili ukiitoa bila kugusa hayo mengine, umefanya nusu kazi.

Lakini sista alianza na mwili. Alileta mofini ya maji, ya kunywa, inayofaa mtu ambaye kidonge hakipiti. Uganda, jirani zetu, hospisi iliyoanzishwa na Daktari Anne Merriman mwaka 1993 iliifanya dawa ya aina hiyo ijulikane: unga wa mofini unachanganywa na maji, bei nafuu, mgonjwa anakunywa akiwa kwake. Anti akanong'ona, "Si hiyo ndiyo ile ya kumaliza watu?" Sista hakucheka. Akaeleza kwamba ikipimwa vizuri haimuui mtu, inamwacha alale, na kwamba kitu cha kuogopa zaidi ni choo kugoma, kwa hivyo akaacha na dawa ya hiyo pia. Usiku huo mjomba alilala saa sita mfululizo. Sisi pia.

Ziara ya pili ndiyo ilinivunja. Sista aliketi karibu na kitanda, akauliza swali ambalo katika watu 43 hakuna aliyekuwa amelifikiria.

"Mzee, wewe mwenyewe unauelewa aje huu ugonjwa wako? Na ungependa kujua zaidi, ama hayo niongee na mama?"

Hakumwambia kitu. Aliuliza tu. Baadaye alinieleza kwamba wapo wanaojibu, "Ongea na binti yangu, mimi sitaki kusikia," na hapo anafunga mdomo, kwa sababu kutotaka kujua pia ni haki ya mtu. Tofauti ni kwamba huyo amechagua mwenyewe.

Mjomba alitoa daftari la vipimo chini ya mto. Kila Jumapili alikuwa akijipima kiuno na kuandika. Ilianza 36. Ya mwisho ilikuwa 29.

"Sista, nimepima watu maisha yangu yote. Mtu hapungui inchi saba kwa vidonda vya koo."

Anti akaanza kulia. Mimi nikamuuliza kwa nini hakutuambia kwamba anajua.

"Mlikuwa mmechangamka sana," akasema. "Nikaona nisiwaharibie."

Watu wakisimulia mambo haya huishia hapo, familia imekumbatiana na mzigo umetuliwa. Kweli tuliongea usiku ule kuliko miaka kumi iliyopita. Alimpa anti majina ya wateja wanaomdai nguo, akasema kitambaa cha bwana harusi mmoja kirudishwe bila kukatwa. Lakini swali lake la kwanza, kabla ya hayo yote, lilikuwa kwa sista: naweza kupanda basi mpaka Mumias? Sista akampima kwa macho, akamwambia ukweli. Julai ungeweza. Sasa hapana.

Kaka yake naye miguu imemwisha, hasafiri. Tukawapigia simu ya video. Netiweki ilikatika mara nne, na sauti ya mjomba ilikuwa imebaki kama karatasi. Mpaka wa shamba hauzungumziki hivyo. Kuna jiwe la kuonyeshana, kuna mti uliong'olewa.

Alienda Mumias Septemba. Ndani ya siku mbili grupu ilichanga pesa za jeneza, gari na chakula, zikabaki. Zile za kumpeleka akiwa ameketi dirishani hatukuwahi kuziomba, kwa sababu tungeziomba tukisema nini?

Anti anasema nisijilaumu, tulifanya kwa mapenzi. Nakubali yalikuwa mapenzi. Nadhani pia ulikuwa woga wetu: hatukutaka kuwa ndani ya chumba wakati anajua. Vyote viwili vilikaa pamoja, na sijui vipimo vyake.

Shamba bado lina kesi. Na mwezi uliopita jirani wa ghorofa ya pili alinisimamisha kwenye ngazi. Baba yake amepatikana na saratani, ndugu zake wanasema asiambiwe, mimi naonaje? Nikamwambia wamuulize mzee mwenyewe anataka kujua nini. Akasema ataleta hiyo hoja kwenye grupu.

"Mzee yuko kwenye hiyo grupu?" nikauliza.

Akaangalia simu yake.