Siri ya Fundi ni Mali ya Nani?

Kijana wa Ibadakuli akipelekwa gereji kujifunza ufundi, kazi yake ya kwanza ni kufagia na kuosha spana. Hilo halina ubaya. Ubaya unakuja pale injini inapofunguliwa: "Dogo, hebu kimbia dukani ukaniletee sigara." Akirudi, kabureta imeshafungwa. Miaka inapita, dogo bado ni spana boi. Muulize fundi, atakwambia akimfundisha kila kitu, kesho huyo huyo atafungua gereji ng'ambo ya barabara. Je, ana haki?

Tusimcheke haraka. Mwaka 1291 watawala wa Venice, kule Italia, waliamuru matanuri ya vioo yahamishiwe kisiwa cha Murano. Waliogopa moto, lakini kisiwa kilisaidia pia kulinda siri. Mafundi waliheshimiwa sana, ila walikatazwa kupeleka ujuzi wao nje. Kwa mamia ya miaka siri ilitoka kwa baba kwenda kwa mwana. Ndiyo iliyokuwa ugali wao.

Sasa tuvuke bahari. Mwaka 1971, katika jimbo la Washington, Marekani, msanii Dale Chihuly alianzisha shule ya sanaa ya vioo msituni, kwenye shamba la miti la akina Hauberg. Wanafunzi walijijengea vibanda vya kulala huku mvua ikiwanyeshea. Shule hiyo, Pilchuck, ni ya bweni: mwalimu na mwanafunzi wanakula pamoja na kukesha tanurini pamoja. Mwaka 1979 akaja Lino Tagliapietra, fundi mkuu wa Murano, aliyeingia kiwandani akiwa mtoto. Akafundisha waziwazi. Kwao wapo waliomwona msaliti.

Alisaliti kweli? Hoja ya ugali ni nzito, bwana. Mwenye watoto hali sifa. Lakini hebu tutazame kazi yenyewe. Kioo hufanyiwa kazi kikiwa na joto la nyuzi karibu 1,000. Mmoja anazungusha bomba la chuma, mwingine anapuliza, wa tatu analeta kipande kingine cha moto. Mkizubaa, kinapoa na kupasuka. Kidole kimoja hakivunji chawa. Kwa hiyo bilauri inayobeba jina la fundi mkuu ina pia mikono ya waliomsaidia. Siri anayoiita yake, nusu yake ni deni.

Chihuly mwenyewe alipoteza jicho katika ajali ya gari mwaka 1976, na mwaka 1979 akaumia bega. Hakuweza tena kushika bomba kama zamani. Wenzake wakapuliza, yeye akachora na kuelekeza. Angekuwa mchoyo wa ujuzi, kazi yake ingeishia pale.

Wala haya si ya ughaibuni tu. Kitengela, karibu na Nairobi, vioo vilivyotupwa vinayeyushwa na kupulizwa vyombo vipya. Ujuzi huo haukuota pale kama uyoga. Kuna waliokubali kuonyesha.

Halafu, kuonyeshwa si kuweza. Mkono unahitaji miaka. Sisi vijana tunaoandika tunalijua hilo, ingawa wapo kati yetu wanaoficha hata jina la kitabu kilichowafungua macho, eti wasipitwe.

Kwa maoni yangu, fundi anayo haki ya kudai jasho, subira, hata ada. Kudai ujinga wa mwenzake, hapana.