Lenzi Zilizoletwa na Lori

Tunduma hakuna kisichopita. Malori ya kutoka bandari ya Dar es Salaam yanapanga foleni kuelekea Zambia na Kongo, na yanayorudi yanakuja na mizigo midogo isiyoonekana kwenye hati yoyote. Mtu akitaka kitu, anamwagiza dereva. Kisa hiki nimekitunga, ila sidhani kama kina kipande ambacho hakijawahi kumpata mtu mahali fulani.

Wakala mmoja wa forodha alikuwa na binti wa miaka tisa. Mwalimu aligundua kuwa mtoto ananakili kwenye daftari la jirani badala ya ubaoni, na akitazama mbali anafinya macho. Baba akampeleka Mbeya, akapimwa, akaandikiwa miwani ya kutoona mbali, namba moja na nusu. Walipofika nyumbani shangazi mtu akatoa hukumu: mtoto akizoea miwani macho yanalegea, hataivua mpaka uzeeni. Baba hakutaka kumkosea daktari wala dada yake. Akanunua miwani yenye nguvu pungufu ya ile iliyoandikwa, tena akaagiza ivaliwe wakati wa masomo tu.

Shangazi huyu ana wenzake wengi. Watafiti waliopima wanafunzi wa sekondari jijini Mwanza na kuchapisha matokeo mwaka 2002 walikuta asilimia 5.6 wana miopia, yaani hawaoni mbali, na katika wote wenye kasoro ya uoni inayohitaji miwani, waliokuwa nayo hawakufika hata theluthi. Dar es Salaam utafiti mwingine, uliochapishwa 2008, uliwagawa wanafunzi makundi mawili: wengine walipewa miwani bure, wengine karatasi ya daktari wakajinunulie. Baada ya miezi mitatu, waliokuwa wakiivaa au walau wanayo shuleni walikuwa asilimia 47 katika kundi la kwanza na 26 katika la pili. Wengi husoma takwimu hizo na kusema tatizo ni pesa. Mimi naitazama zaidi ile 47. Imetolewa bure, na bado zaidi ya nusu hawanayo! Hapo kuna kejeli za darasani, na kuna maneno ya kina shangazi kwamba miwani inaua macho.

Miwani haiui macho. Jicho la mtoto mwenye miopia limerefuka kupita kiasi, kwa hiyo picha ya kitu cha mbali inaangukia mbele ya retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Miwani inairudisha picha mahali pake, basi. Kurefuka kunaendelea kwa sababu nyingine: urithi, kazi nyingi ya kutazama karibu, na uchache wa mwanga wa nje. Kule Guangzhou, China, shule zilizowaongezea watoto wa darasa la kwanza dakika 40 za kukaa nje kila siku zilipata miopia mpya kwa asilimia 30.4 ya watoto baada ya miaka mitatu, na zile zisizoongeza zikapata 39.5. Ama ujanja wa kupunguza namba, ulijaribiwa Malaysia na matokeo yakatoka 2002: watoto waliopewa miwani pungufu macho yao yaliharibika haraka kuliko ya waliopewa kamili.

Binti alipotimiza miaka kumi na moja alikuwa namba tatu. Sasa baba akashtuka, akaanza kupekua kwenye simu, na huko akakutana na jambo la kweli kabisa. Zipo lenzi laini za kuvaa machoni zinazopunguza kasi ya miopia. Katikati zinampa mtoto uoni safi. Pembeni zina miduara inayoangusha sehemu ya mwanga mbele ya retina, na jicho linapokea hiyo kama ishara ya kuacha kurefuka. Mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha ya kwanza, MiSight, Novemba 2019, kwa watoto wanaoanza wakiwa na miaka 8 hadi 12. Katika majaribio ya miaka mitatu ongezeko la namba lilipungua kwa asilimia 59. Lenzi hizo huvaliwa mchana, jioni zinatupwa, kesho inafunguliwa jozi mpya.

Mara ya kwanza baba aliponzwa na uongo. Safari hii aliponzwa na ukweli aliousoma mpaka kwenye asilimia 59 akaishia hapo.

Akamwagiza dereva anayeteremka Johannesburg. Zililetwa lenzi za kawaida za mwezi mzima, hazina miduara yoyote, na kwa kuziangalia tu mtu hawezi kujua. Hakuna aliyepima mviringo wa jicho la mtoto, wala aliyemfundisha kuzivaa na kuzivua. Dawa ya kusafishia ilipoisha, binti alizisuuza kwa maji ya dumu. Maji hayo, hata yawe meupe vipi, yanaweza kubeba bakteria na amiba wanaojificha chini ya lenzi na kula kioo cha jicho. Usiku mwingine alilala nazo.

Jicho la kulia likawa jekundu. Duka la dawa wakauza matone yenye steroidi, wekundu ukapungua siku mbili, wote wakapumua. Steroidi inatuliza uvimbe na kuwaacha vijidudu waendelee kula kwa nafasi. Walipofika Mbeya tena, kulikuwa na kidonda cheupe katikati ya kioo cha jicho. Mtoto alilazwa, akatiwa dawa kila saa, usiku na mchana. Kidonda kilipona, kovu likabaki mbele ya mboni.

Baba alimwuliza daktari kama basi lenzi za kupunguza kasi ya miopia ni hatari. Daktari hakusema hivyo. Katika majaribio ya MiSight hakuna mtoto aliyepata madhara makubwa ya macho. Yeye aliuliza maswali yake: Mzee, maji ya kunawa pale nyumbani yanatoka wapi? Ukiwa mpakani usiku, nani anahakikisha zimevuliwa? Boksi la mwezi huu likiisha, la mwezi ujao lipo? Jicho likiwa jekundu Jumapili, mtaanzia duka la dawa au hapa? Kisha akaandika miwani, namba kamili, ya kuvaa siku nzima, na tarehe ya kurudi baada ya miezi sita.

Mdogo wake binti, wa miaka saba, alipimwa siku hiyohiyo. Alikutwa na namba moja macho yote. Miwani yake ilinunuliwa palepale Mbeya kama ilivyoandikwa, na fremu ya pili ya akiba, maana anacheza mpira.