Mwanadamu na Mnyama: Tofauti Iko Wapi?

Andiko: Mwanzo 1:24–28, 2:7, 19, Mhubiri 3:18–21

Jumapili tuliangalia siku ya sita ya uumbaji, na baada ya ibada vijana wakaniuliza swali zuri: kama sisi pia tunakula, tunazaa, tunazeeka na kufa, kwani tuko na tofauti gani na ng'ombe?

Wengi hujibu haraka: ni pumzi ya Mungu. Wengine: ni akili. Wacha tupime majibu haya kwa Neno.

Biblia haifichi kwamba tunafanana na wanyama. Wa nchi kavu waliumbwa siku ile ile ya sita. Sisi tulitoka mavumbini. Mwanzo 2:19 inasema nao walitoka ardhini. Tena, maneno ya Kiebrania yanayotafsiriwa "nafsi hai" kwa Adamu ndiyo hayo hayo yaliyotumika kwa wanyama katika sura ya kwanza. Mhubiri naye anasema wazi kwamba pumzi yetu na yao ni moja. Kwa hivyo tofauti haiko kwa udongo wala kwa pumzi.

Basi ni akili? Hapo kuna hatari. Nilisomea biashara, na huko tulifundishwa kupima mali kwa kile inachozalisha. Gari hushuka thamani kila mwaka. Ng'ombe akikauka maziwa na asishike mimba tena, anaenda bucha. Kwa mali, hesabu hiyo ni sawa. Lakini kama utu ni akili, tutasema nini juu ya mama mzee aliyesahau majina ya watoto wake? Na yule mtoto ambaye hajawahi kuongea, anayefungiwa chumba cha nyuma wageni wakija? Kuna mbwa anayefuata maagizo kumshinda mtoto huyo. Je, mbwa amekuwa wa maana zaidi?

Hapana! Mwanzo 1:26–27 haisemi mtu alipewa mfano wa Mungu kwa sababu ana akili. Mungu aliamua tu kumuumba hivyo, kisha akamkabidhi dunia. Zamani wafalme wa mashariki walisimamisha sanamu zao katika nchi walizotawala, watu wajue mwenye nchi ni nani. Sisi tumewekwa hapa kumwakilisha Mfalme. Hata baada ya dhambi na gharika, mfano huo bado upo: ndio sababu Mwanzo 9:6 inakataza kumwaga damu ya mtu, na Yakobo 3:9 inatukemea tukimlaani. Heshima hii hatukuipata kwa kupita mtihani, kwa hivyo ugonjwa hauwezi kutunyang'anya.

Na kutawala si kutesa. Mithali 12:10 inamtambua mwenye haki kwa vile anavyomjali mnyama wake. Anayemchapa punda aliyelemewa na mzigo anamwakilisha Mungu vibaya.

Mpendwa, kama nyumbani kwenu kuna mzee asiyekumbuka au mtoto asiyeweza kujieleza, Jumapili hii usimwache nyuma. Mlete. Akipiga kelele katikati ya mahubiri, tusigeuze shingo kumkodolea macho. Tumsogezee kiti.

Tuombe: Baba, tupe macho ya kuona mfano wako hata pale ambapo sisi tunaona mzigo. Kwa jina la Yesu, Amina.